Hili la Nani?

Mchanga ukitiwa kwenye karai pamoja na maji, kisha ukazungushwa, ule mwepesi humwagika ukingoni na ulio mzito hubaki chini, mweusi kama mbegu za papai. Huo mweusi ndio madini ya bati. Costansia alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu kabla hajaolewa, na siku za mgao mikono yake ilijua mapema kuliko watu wote nani amepata na nani amekosa.

Alioshea watu wawili. Wa kwanza alikuwa mumewe, Celestin. Wa pili alikuwa kaka yake, Mbonimpa, ambaye hakuwa na mke na aliishi na mama yao kwenye nyumba ya pili, ndani ya kibanja kile kile, shamba lao la migomba, karibu na Kimuli. Walikuja kutoka Rwanda Costansia akiwa bado mgongoni mwa mama. Mbonimpa alikuwa mkubwa kidogo, alitembea safari ile kwa miguu yake mwenyewe, na mama yao, Mukantabana, hakuacha kuwasimulia watu jinsi mtoto yule alivyokuwa akimpa dada yake maji kwanza kabla ya kunywa yeye. Sasa mama alikuwa mzee. Macho yalikuwa yameingia ukungu, anaona mwanga tu na vivuli vinavyopita.

Bati la kilima cha hapo jirani lilichimbwa mahali pawili, na kila mahali palikuwa na sheria yake. Chini, jirani na kijito, yalikuwa mashimo mapya. Huko watu walichimba, wakaosha mchanga wote kwa pamoja, halafu wakagawana bati lenyewe kwa kopo, kila mtu anaona kwa macho yake. Juu kabisa yalikuwa mashimo ya zamani, yaliyochimbwa na wazungu na kuachwa, mapango marefu yenye giza na miti ya kuegemeza dari iliyoanza kuoza. Bati la huko lilikuwa bora, ila lilikaa mafungumafungu. Unaweza kuchimba wiki nzima mchanga mtupu, halafu sururu ikagusa mfuko mmoja mdogo ukakulipa jasho lote.

Na huko juu mchanga uligawanywa ungali mkavu, mlangoni mwa shimo. Maji yalikuwa mbali, mteremko ni mkali, na hakuna mtu aliyetaka kuvunja mgongo wake kubeba gunia ambalo hajui ni la nani. Kwa hiyo waliufanya malundo yaliyolingana kwa macho, lundo moja kwa kila mchimbaji. Mzee Protase, kiongozi wao, Mhaya wa Muleba aliyekuja zamani akitafuta riziki, alishika fimbo. Mtu mmoja alikaa amewapa mgongo, anatazama bondeni. Protase akigusa lundo alisema, "Hili la nani?" Yule aliyegeuka alitaja jina lolote linalomjia. Likitajwa jina, mjadala umekwisha. Unabeba lundo lako unateremka.

Aliyechaguliwa kugeuka ni Mbonimpa. Walimchagua kwa sababu hakuwa na mke wala mtoto wa kumpendelea, na kwa sababu alikuwa mtu mpole, hata akikanyagwa mguu yeye ndiye anayeomba radhi.

Mwaka ule wa themanini na sita, baada ya mvua za masika, bahati ilimgeuka Celestin. Kila mgao Costansia aliosha mchanga wake akauona ukienda na maji, ukienda, mpaka karai likabaki na chembe chache za kuaibisha. Kisha alichukua gunia la Mbonimpa, akaosha, na bati likatulia chini jeusi na zito kiasi kwamba karai lilimvuta mikono. Malundo hayo mawili yalitoka shimo moja, siku moja, yakapangwa kando kwa kando. Wanawake wengine walioosha jirani naye waliona. Verdiana, mke wa mchimbaji mmoja aitwaye Cassian, alikuwa na tabia ya kuchungulia makarai ya wenzake.

"Baba Therese amekosa leo tena?" Verdiana aliuliza.

"Leo tena," Costansia alijibu, akamwaga maji.

Celestin alikuwa mtu wa kujituma. Aliingia mapangoni wa kwanza na kutoka wa mwisho, na hakuna aliyechimba kumzidi. Alikuwa ameahidi kwamba bati la ardhini litamzalia mabati ya kuezekea, na mwanzoni alikuwa akiusema utani huo kila mahali. Sasa aliuacha. Alirudi nyumbani, akakaa kizingitini, akalitazama paa la nyasi. Binti yao Therese akimletea maji ya kunawa, anaosha mkono mmoja na kusahau wa pili.

Siku moja Mbonimpa alimkuta dada yake peke yake kijitoni. Alichuchumaa, akatazama makopo mawili, moja limejaa, lingine linaonyesha kitako.

"Mwongezee," alisema.

"Nimwongezee nini?"

"Chota kwangu, mtilie shemeji. Mimi nina kazi gani nalo? Mama anakula ndizi za hapo nje."

"Kaka, akijua?"

"Atajuaje? Bati halina alama."

Costansia alisita, halafu akachota. Alichota kwa kiganja, mara ya kwanza akijificha kama anayeiba, ingawa mwenye mali alikuwa amechuchumaa mbele yake akitabasamu. Mgao uliofuata akachota tena. Celestin akaanza kuchangamka. Jioni akapita kwa mama mkwe wake kumsalimia, akamchukulia rubisi kidogo, pombe ya ndizi, kwenye kibuyu, akamwambia bahati imeanza kumkumbuka. Costansia aliposikia mumewe akicheka tena, alijiambia kwamba Mungu hakasiriki kwa jambo kama lile. Mbonimpa naye alicheka pamoja na shemeji yake, akampongeza, na hakuna aliyewahi kuona mtu anayefurahia kupungukiwa namna ile.

Mambo yalikwenda hivyo hadi msimu wa senene, mwishoni mwa mwaka. Verdiana ndiye aliyesema. Huenda hakukusudia ubaya. Alimwambia mumewe, Cassian, kwamba mke wa Celestin anachota kwa kaka yake anajaza kwa mumewe, na Cassian akayasema mbele ya watu kilabuni, kwa mzaha, kwamba kuna wanaume wanaolishwa na shemeji zao.

Celestin alirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Costansia alikuwa akimenya ndizi.

"Niambie ni uongo," alisema.

Costansia aliweka kisu chini. Hakusema ni uongo.

"Tangu lini?"

"Alikuonea huruma, baba Therese. Ni kaka yangu. Alisema..."

"Huruma!" Celestin alilitamka neno hilo kama kitu kichungu alichotaka kukitema. "Mtu anakupa mali yake kwa siri, mgao hadi mgao, hataki hata ujue. Nani anafanya hivyo? Anayetoa kwa siri ni aliyechukua kwa siri. Anajua alichonifanyia, moyo unamsuta, ndiyo maana anarudisha."

"Amekufanyia nini? Yeye amegeuka, haoni."

"Protase anakohoa. Ndiyo ishara yake."

Ni kweli, Protase alikohoa. Alikuwa na kifua cha mchimbaji, alikohoa usiku na mchana, kanisani na sokoni. Lakini Celestin alikuwa amekwisha kuunganisha. Alikumbuka kikohozi hiki na lundo lile, kikohozi kile na lundo hili, na kila alichokumbuka kilikaa sawasawa mahali pake. Costansia alizungumza hadi koo likakauka. Mumewe hakumsikia hata kidogo.

Kesho yake ilikuwa siku ya mgao, na kwa sababu habari zilikuwa zimeenea, hata wanawake walipanda kilimani. Malundo yalikuwa yamepangwa. Mbonimpa alikuwa amekwisha kukaa mahali pake, uso bondeni, anasubiri.

"Leo hagawi huyo," Celestin alisema. "Mzee Protase, nakuheshimu, lakini wewe na huyu mnatuchezea."

Protase aliteremsha fimbo. "Celestin, mwanangu, pima maneno yako. Mchanga mkavu hata mimi siujui una nini."

"Mwulizeni kama hajanipa bati kwa siri."

Mbonimpa aligeuka. Aliwatazama watu wote, mmoja mmoja, kama anayeamshwa usingizini. "Nilimpa," alisema. "Shemeji, niliona huna bahati. Si kitu. Tungekuwa tumekosa wote ningekupa nini?"

"Mnasikia? Anakubali."

"Nakubali nilitoa. Sikuiba."

Watu walianza kunong'ona. Cassian alisema yeye naye misimu miwili ya nyuma alikosa sana. Mwingine akasema hata yeye. Kila mmoja alikuwa na lundo lake bovu la kukumbuka, na mazuri waliyoyapata hakuna aliyeyataja. Celestin alimgeukia mkewe.

"Costansia. Wewe ndiye unayeosha. Waambie. Lundo la kaka yako lilikuwa sawa na langu?"

Watu walimgeukia. Costansia alimwona kaka yake akimtazama, na macho yale hayakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa akimngoja aseme, kama mtu aliyejua dada yake atamaliza jambo hilo kwa maneno mawili. Pembeni alimwona mumewe, mtu aliyefedheheshwa kilabuni jana na ambaye angefedheheshwa tena leo mbele ya mke wake, na kwa kinywa cha mke wake.

"Hayakuwa sawa," alisema.

Alikuwa na mengine ya kusema. Alitaka kusema kwamba hayakuwa sawa kwa sababu ardhi yenyewe haiko sawa, kwamba ameosha mchanga wa mashimo yale tangu usichana na ameona la huyu likijaa na la yule likikauka bila mtu kuwa na hila. Alitaka kusema kwamba wazo la kutoa lilitoka kwa moyo mwema na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyechota. Lakini makelele yalipanda pale pale, watu wakasimama, mtu akamsukuma Mbonimpa begani, na maneno yale yakabaki kifuani mwake. Angeweza kupiga kelele. Hakupiga.

Walimwondoa. Protase alijaribu kumtetea, lakini akitetea huyu anajitetea mwenyewe, na kila alipofungua kinywa alikohoa, na kila alipokohoa watu waliguna. Mbonimpa hakubishana. Aliokota shati lake, akaweka sururu yake juu ya lundo ambalo lingekuwa la mtu yeyote, akateremka.

Costansia alimfuata jioni nyumbani kwa mama. Alikuta mama amekaa peke yake, mikono mapajani.

"Amekwenda," Mukantabana alisema. "Amenipikia, amenichotea maji mitungi yote, ameniaga. Nimemuuliza unakwenda wapi, anasema kutafuta vibarua. Mmemfanya nini mwanangu?"

Costansia alikaa chini karibu naye.

Wakamchagua mtu mwingine wa kugeuka. Protase aliacha kushika fimbo. Wakaweka kijana mwenye kifua kizima, asiyekohoa. Na mgao wa kwanza baada ya hapo Celestin alipata mchanga mtupu. Wa pili vilevile. Wa tatu Cassian akakosa na Celestin akapata kidogo, halafu akakosa tena, akakosa. Costansia alizungusha karai na kuutazama mchanga ukienda. Safari hii hakukuwa na gunia la pili la kuosha. Alimpelekea mumewe kopo kama lilivyo, akaliweka mbele yake. Celestin alilitazama kopo. Siku zile za kwanza alitafuta wa kumlaumu, akataja huyu na yule. Baadaye akaacha.

Mwaka uliofuata, kiangazi, wachimbaji walikubaliana jambo ambalo wanawake walikuwa wakilisema kando ya maji miaka yote. Kila mtu abebe gunia lolote hadi kijitoni, mchanga uoshwe kwa pamoja, wagawane bati kwa kopo kama watu wa mashimo ya chini. Siku ya kwanza waliosha lundo kwa lundo kabla ya kuchanganya, na wanaume, ambao hawakuwa na desturi ya kukaa kijitoni, walisimama wakitazama. Lundo moja lilitoa makopo. Lililofuata halikutoa kitu. La tatu halikutoa kitu. La nne likajaza karai. Yote yalikuwa yametoka pango moja asubuhi ile, na hakuna aliyekuwa ameyataja jina.

Protase, ambaye alikuwa amekuja na mkongojo, alikaa juu ya jiwe akatazama maji. Cassian alijifanya anafunga kamba ya gunia. Celestin alisimama mpaka karai la mwisho likamwagwa, halafu akaenda mbali kidogo, kwenye matete, akachuchumaa akiwa amefunika uso kwa viganja. Costansia alimwona. Hakumfuata.

Jioni Celestin alisema, "Atafutwe."

"Atafutwe na nani?" Costansia alimwuliza.

"Mimi sina uso wa kumtazama. Nenda wewe kwanza. Mwambie... Mwambie arudi tu. Mengine nitamwambia mwenyewe."

Ilichukua muda kupata habari. Siku za gulio Costansia alikwenda Nkwenda na kuwauliza wanunuzi wa ndizi na maharage wanaozunguka vijijini. Hatimaye mmoja akasema amemwona Mnyarwanda mmoja mpole Kituntu, anafanya kazi kwa mama mmoja mjane mwenye kibanja kikubwa, jina lake Kokuhirwa. Costansia alirudi akamwambia mama. Mukantabana aliinuka mwenyewe, akapapasa ukutani, akatoa shuka mpya aliyokuwa ameihifadhi, akaikunja.

"Mpelekee. Kituntu kuna baridi?"

"Si sana, mama."

"Mpelekee tu."

Alipata nafasi juu ya lori la ndizi hadi Kayanga, na kutoka hapo akatembea. Njiani alipanga maneno. Aliyapanga na kuyapangua, mwisho akaamua hatasema kitu, atapiga magoti tu, kaka yake ataelewa. Alikuwa na uhakika ataelewa. Aliwaza hata watakavyorudi pamoja, na namna mama atakavyoshika uso wake.

Kibanja kilikuwa kizuri, migomba minene, chini kumefunikwa majani makavu. Kokuhirwa alikuwa mwanamke mtu mzima, amejifunga khanga mbili, anaanika kahawa. Costansia alimsalimia shikamoo, akajitambulisha kwamba ni dada yake Mbonimpa.

Yule mama hakujibu marahaba. Aliacha kahawa, akajifuta mikono, akamshika Costansia kiwiko na kumwingiza ndani, akamkalisha. Hapo Costansia akajua. Alijua kabla neno halijatoka, na bado aliendelea kuikumbatia ile shuka kama mtu aliyekuja na zawadi.

"Tulituma maneno Kimuli," Kokuhirwa alisema. "Mara mbili tulituma kwa wenye malori. Naona hayakufika. Ni homa, mwanangu, wakati wa mvua. Tulimpeleka zahanati kwa machela, akarudi, tukadhani amepona. Ikamrudia. Katekista alikuwapo. Tumemzika hapa hapa, kwenye kibanja, pamoja na watu wangu. Sikutaka alale porini."

Alimpeleka. Kaburi lilikuwa kati ya migomba, limefagiwa, lina msalaba wa mti. Costansia alipiga magoti kama alivyokuwa amepanga. Kokuhirwa alisimama nyuma yake, na kwa kuwa hakujua la kufanya, alizungumza.

"Alikuwa mtu wangu wa kuaminika kuliko wote. Nilimwachia ghala, nilimwachia mbuzi. Jambo moja tu alinikatalia. Tulipovuna maharage, vibarua wanapopewa mafungu yao, nilimwambia gawa wewe, wewe una haki. Akasema mama, nipe kazi yoyote, nitachimba choo, nitabeba mawe, lakini kugawa usinipe. Nikacheka, nikadhani anatania. Nikaona machozi. Nikaacha."

"Alisema kitu juu yetu?" Costansia aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Alisema ana dada. Alisema mume wa dada yake ni mchapakazi sana ila hana bahati. Kila nilipomlipa aliniuliza kama kuna mtu anakwenda Kimuli."

"Alikuwa amekasirika?"

Kokuhirwa alifikiri. "Hapana," alisema. "Alikuwa anangoja mtu."

Costansia alilala pale usiku mmoja. Asubuhi alitandika shuka ya mama juu ya udongo, akaizungushia mawe madogo isipeperuke, kisha akaona ni upuuzi, itanyeshewa au itaibiwa, akataka kuitoa, akaiacha.

Alipofika nyumbani, Celestin alikuwa amesimama njiani, tangu lini haijulikani. Aliangalia nyuma ya mkewe, akatafuta mtu wa pili. Costansia alitikisa kichwa. Celestin aliketi pale pale barabarani, mavumbini, watu wakipita na baiskeli. Costansia alimpita. Alikuwa na mtu wa kumwambia kwanza.

Mama alikuwa kitandani, amekwisha kugeuza uso kuelekea mlangoni.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta, mama."

"Mbona simsikii?"

Costansia aliketi kitandani, akachukua mikono yote miwili ya mama yake, akamwambia. Alimwambia yote, hata lile la kilimani, hata neno lake moja alilolisema na yale ambayo hakuyasema. Mukantabana alisikiliza hadi mwisho bila kuondoa mikono. Kisha akauliza kama huyo mama wa Kituntu alikuwa akimpa chakula cha kutosha. Costansia akasema ndiyo, alikuwa akimpa, na nyama pia siku za sikukuu. Mama akauliza tena swali lile lile. Costansia akajibu tena.

Mwezi uliofuata Celestin alikwenda Kituntu peke yake, na jembe. Alikaa wiki nzima, akalima kibanja cha yule mjane bila kudai kitu, akajengea kaburi kwa mawe, akarudi amekonda. Hakusimulia. Mashimo ya zamani hakuyarudia tena. Alilima maharage, na baada ya miaka aliweza kuezeka nyumba kwa mabati. Costansia alimpikia, alimfulia, walizaa mtoto mwingine wa kiume, na Celestin alipotaka mtoto aitwe Mbonimpa, Costansia alikataa. Alisema hataki kuliita jina hilo akajibiwa na mtu mwingine.

Kila jioni alimwekea mumewe chakula mezani, akachukua sahani yake na kwenda kula kwa mama. Majirani walisema ni binti mwema, anamtunza mzazi. Mukantabana alifariki mwaka wa tisini na moja. Costansia aliendelea kwenda kula kule, katika nyumba tupu, na Celestin hakumwuliza kwa nini.